Bwawa kubwa limekwisha kuchimbwa: je, samaki wahame leo?



Juma hili ukurasa wetu wa kazi za nyumbani unajibu swali la kikundi kimoja cha wamama wafugaji wa samaki. Wametuandikia hivi: «Tulitia watoto wa tilapia 400 ndani ya bwawa dogo la mita 4 kwa 5, nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja. Sasa ni miezi miwili. Wamekua, wanafika urefu wa kidole cha kati, lakini kila asubuhi tunawakuta juu ya maji wakipanua midomo. Bwawa kubwa la mita 10 kwa 20 tumemaliza kulichimba siku ya nne, na maji yameanza kuingia. Feza yetu yote ya likelemba ya miezi mitatu iko ndani ya kazi hiyo, na wengi wetu tunategemea samaki hao kwa minervali ya watoto wa sekondari. Je, tuwahamishe siku ya posho hii?»

Tunawashukuru kwa kuuliza mapema. Jibu letu ni hili: msiwahamishe siku ya posho hii. Ngojeni karibu majuma mawili. Tunajua jibu hili halifurahishi mtu anayeona samaki wake wakitafuta hewa kila asubuhi. Lakini samaki waliobanana wanaweza kusaidiwa pale pale walipo, na bwawa lililochimbwa juzi linaweza kuwaua kuliko lile dogo mnaloliogopa. Tueleze moja kwa moja.

Kwanza, okoeni walio katika bwawa dogo

Usiku, majani madogo yasiyoonekana yanayoyapa maji rangi ya kijani yanavuta hewa, samaki wanavuta hewa, na matope yanayooza chini yanavuta hewa. Wote wanagawana hewa ile ile iliyo ndani ya maji. Ndiyo sababu saa mbaya ni ile ya kabla ya jua kutoka. Jua likipanda, yale majani madogo yanaanza tena kutoa hewa na samaki wanashuka chini. Samaki akipanua mdomo juu ya maji asubuhi, anawaambia kwamba wao ni wengi, au chakula na samadi vimezidi, au yote mawili pamoja.

Fanyeni hivi kuanzia leo. Acheni kuwapa chakula kwa siku mbili, kisha mrudie kidogo kidogo. Acheni kabisa samadi. Chakula kisicholiwa kinashuka chini, kinaoza, na katika kuoza kinakula hewa ya samaki. Kama muna mfereji, fungulieni maji mapya yaingie alfajiri, yakianguka toka juu ya jiwe au ubao ili yajipige na kuchukua hewa. Toeni maji ya zamani upande wa chini, pahali penye uchafu. Kama hamna mfereji, mama mmoja achote kwa ndoo na kumwaga toka juu, nusu saa nzima. Ni kazi ya mikono, lakini inaokoa.

Kama jua limepanda, saa tatu za asubuhi zimepita, na samaki wangali juu wakipanua midomo, hapo hali ni mbaya. Ombeni jirani mwenye bwawa linalofanya kazi awapokelee samaki 100 kwa muda. Andikeni karatasi, nyinyi na yeye, yenye hesabu na tarehe. Ujirani mwema hauogopi karatasi.

Jambo moja msilifanye: msitupe chokaa ndani ya bwawa dogo lenye samaki. Samaki wanatoa uchafu unaoitwa amonia, zaidi kupitia mashavu yao. Chokaa ikiingia pahali penye uchafu huo mwingi, sumu yake inakuwa kali zaidi. Chokaa ina wakati wake, na wakati huo ni kabla samaki hawajaingia.

Kwa nini bwawa jipya si salama bado

Bwawa lililochimbwa juzi linapendeza macho. Maji yake ni meupe, unaona hadi chini, na mtu anasema: haya ndiyo maji safi. Kwa mtu wa kunywa, labda. Kwa tilapia, hiyo ni nyumba mpya isiyo na jiko. Hakuna cha kula ndani yake. Vile viumbe vidogo vinavyobadilisha uchafu wa samaki visiwe sumu bado havijazaliwa ndani ya udongo. Na katika milima yetu ya Kivu, pahali pengi udongo uliotolewa chini una uchachu unaozuia maji kuwa ya kijani hata mkiweka samadi nyingi.

Kanuni hii haiko kwetu peke yetu. Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa bahari pamoja na matumbawe ndani ya sanduku la kioo, sebuleni, kwa kuwatazama tu. Wanapotaka kuwahamisha katika kioo kikubwa zaidi, nao wanatayarisha maji kabla, na wanahamisha mawe ya kioo cha zamani pamoja na samaki. Juu ya mawe hayo ndipo wanakaa wale wasafishaji wasioonekana. Anayewatupa samaki ndani ya maji mapya matupu, mara nyingi anawazika baada ya siku chache. Wao wanapoteza pambo la nyumba. Sisi tunapoteza minervali.

Kwa hiyo shikeni neno hili moja: hamuhamishi samaki tu, munahamisha na uzima wa maji yao. Maji ndiyo yatangulie kuwa hai, kisha samaki wafuate.

Kazi ya majuma mawili

Kwa kuwa maji yameanza kuingia, yafungeni kwanza, na yale yaliyoingia yatoke. Tembeeni juu ya kingo zote na kuangalia pahali panapovuja. Pigeni udongo wa mfinyanzi kwenye nyufa. Katika mlango wa maji na katika bomba la kutokea, wekeni kichujio cha waya au cha kikapu kilichosukwa vizuri, kusudi vyura na samaki wa mtoni wasiingie. Kambale mdogo akipita leo, mwezi ujao anakula wenzake.

Hapa tuseme neno kwa mama kwa mama. Chandarua cha mtoto, kile tunachokiita mustikeri, kibaki kitandani. Si kichujio na si wavu wa kuvulia. Samaki mmoja aliyetoroka hana bei ya homa ya malaria.

Kisha nyunyizeni chokaa ya shamba chini ya bwawa na kwenye kingo za ndani, udongo ungali na unyevu. Kwa bwawa lenu la mita za mraba 200, kilo 20 zinatosha kama udongo si mbaya sana. Pahali penye uchachu mwingi fikeni kilo 40. Msitumie chokaa ya moto ya waashi, inaunguza mikono na macho. Kama chokaa imekuwa gali, majivu ya kuni yanasaidia, ila yatahitajika mengi zaidi. Majivu yasitoke pahali palipochomwa plastiki.

Baada ya siku chache, jazeni maji kufika magoti. Katika pembe mbili za bwawa, simikeni miti mifupi iliyokaribiana kama zizi, kila pembe mita za mraba 10. Humo ndani tieni majani mabichi, maganda ya ndizi na ya viazi, samadi ya kuku, ya mbuzi au ya ng'ombe. Samadi kavu ya kuku ina nguvu, kwa hiyo kilo 10 hadi 20 kwa bwawa zima zinatosha kuanzia. Kila siku mtu akoroge kwa mti.

Sasa chukueni ndoo kumi za maji ya kijani ya bwawa dogo, kama samaki wake hawana vidonda wala ukungu mweupe, na kuzimwaga katika bwawa kubwa. Hiyo ni kama chachu ya mkate: kidogo cha zamani kinaamsha kingi kipya. Ongezeni maji pole pole hadi yafike sentimita 60 upande wa juu na mita 1 upande wa chini.

Namna ya kujua kwamba maji yako tayari

Hakuna haja ya mashine. Simama mkono ukiwa umenyooka, shusha mkono ndani ya maji, kiganja kikitazama juu. Kiganja kikipotea macho wakati maji yanafika karibu na kiwiko, maji ni mazuri. Kama maji yamefika kiwiko na ungali unahesabu vidole vyako, chakula ni kidogo: ongezeni samadi na mungoje. Kama kiganja kimepotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, yamezidi: acheni samadi, ingizeni maji mapya. Rangi iwe ya kijani ya majani. Maji ya kahawia yenye matope yanadanganya kipimo hiki.

Maji yakikubali, msiamini bado. Chukueni samaki 10, wawekeni ndani ya kikapu chenye kufunikwa kinachoelea katika bwawa kubwa, usiku mzima hadi kesho yake. Kama wote 10 wanaogelea vizuri, mlango umefunguliwa. Kama wawili au watatu wamekufa, mumepoteza watatu na si 400. Ngojeni siku tano nyingine na kupima tena.

Kwa wenzetu wa juu, Kabare na Walungu, ambako maji ni baridi, kijani kinachelewa na majuma mawili yanaweza kuwa matatu. Tilapia katika maji yaliyo chini ya digrii 20 anakula kidogo na anakua pole pole. Kwa wale wa Uvira na uwanda wa Ruzizi, joto linaharakisha kila kitu, hata kuoza. Huko msizidishe samadi.

Siku ya kuhamisha

Siku moja mbele, samaki wasile. Tumbo tupu halichafui maji ya ndoo. Hakikisheni ndoo na mabeseni hayakuwa na sabuni, mafuta ya mawese wala dawa ya shamba. Bidoni iliyobeba dawa haioshwi ikawa safi; iacheni kabisa.

Anzeni baada ya jua kutoka, wakati hewa imeanza kurudi ndani ya maji, na mumalize kabla ya saa nne za asubuhi. Shusheni maji ya bwawa dogo hadi nusu, kisha vuteni wavu pole pole. Usiingie na watu kumi wakikanyaga matope, sababu matope yakichafuka samaki wanakosa hewa wote kwa mara moja. Watu wanne wanatosha: wawili wa wavu, wawili wa kupokea.

Loweni mikono mbele ya kumshika samaki. Ule ute juu ya magamba ndio nguo yake inayomkinga na magonjwa. Mkono mkavu au kitambaa kikavu kinamvua. Katika ndoo yenye lita 15 za maji ya bwawa lake la zamani, tieni samaki 40 hadi 50, si zaidi, na muende bila kusimama kusalimiana njiani. Funikeni kwa jani la mgomba juu ya jua.

Mukifika, msimwage. Wekeni ndoo ielee ndani ya bwawa kubwa karibu dakika 15 ili joto la maji lilingane. Kisha tieni kikombe kimoja cha maji mapya ndani ya ndoo, ngojeni, tieni kingine, hadi ndoo iwe nusu kwa nusu. Ndipo mulaze ndoo ubavu na kumwacha samaki atoke mwenyewe. Anayetoka akishuka chini mbio ni mzima. Anayebaki ubavu, muwekeni kando katika beseni la maji safi ya bwawa na muangalie.

Hesabu mbele ya macho ya wote

Siku ya kuhamisha ndiyo siku peke yake ambapo kikundi kinaona mali yake yote kwa macho. Kwa hiyo mhesabu. Mama mmoja anahesabu kwa kumi kumi kwa sauti, mwingine anatia jiwe moja kwa kila kumi, na karani anaandika waliohama, waliokufa na waliokosekana. Wote waliotia feza katika likelemba waweze kuona daftari. Vikundi vingi vinavunjika kwa sababu ya maneno, hata pale ambapo hakuna samaki aliyeibwa. Hesabu ya siku hiyo inafunga vinywa kabla havijafunguka.

Hesabu ina kazi nyingine. Bwawa dogo lilikuwa na samaki 20 kwa kila mita ya mraba. Hao hao 400 katika bwawa kubwa watakuwa 2 kwa kila mita ya mraba, na hicho ndicho kipimo kizuri kwa bwawa la samadi na pumba. Msijaribiwe kuongeza wengine kwa sababu munaona nafasi. Wazee wetu wanakumbuka mabwawa yaliyochimbwa katika vijiji vingi vya Kongo wakati wa Wabeleji. Mengi yaliachwa, na moja ya sababu ni hii: tilapia walizaana, walijaa, na wote walibaki wadogo kama kidole. Maji mengi yenye midomo mingi kupita kiasi yanatoa samaki wa mchuzi, hayatoi samaki wa soko.

Kwa wale ambao samaki wao wamefika gramu 30 hivi, siku ya kuhamisha ni nafasi ya kuchagua. Mgeuzeni samaki tumbo juu: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Dume anakua upesi zaidi. Kikundi kinachotia madume peke yake katika bwawa kubwa kinapata samaki wazito na hakisumbuki na watoto wengi.

Baada ya kuhama

Siku ya kwanza wasile. Siku ya pili anzeni kidogo. Samaki 400 wenye gramu 12 kila mmoja wana uzito wa karibu kilo 5 wote pamoja. Gramu 240 kwa siku, kugawanywa asubuhi na mchana, zinatosha mwanzoni. Pumba za mchele au za mahindi, mashapo ya kasiksi, mchwa: vyote vinafaa. Wapeni pahali pale pale, saa ile ile, na muangalie. Chakula kikibaki juu ya maji baada ya nusu saa, mumezidisha. Kila mwezi vueni samaki 20, mpime uzito, na mrekebishe kipimo.

Bwawa dogo msiliache. Likausheni hadi udongo upasuke kwa jua. Matope yake pelekeni katika bustani ya lengalenga na ya sombe, ni mbolea nzuri sana. Kisha lijazeni tena kwa watoto wa samaki wa zamu inayofuata.

Na sasa jambo lililo juu ya mengine yote. Bwawa dogo lilikuwa karibu na jikoni, mama akiliona. Bwawa kubwa lina maji ya mita 1, na kwa mtoto wa miaka mitatu huo ni mto. Kabla samaki wa kwanza hajaingia, zungusheni ua wa miti au wa miiba wenye mlango unaofungwa, na mukubaliane ni nani anashika ufunguo. Mtoto asitumwe peke yake kulisha samaki. Fyekeni majani ya kingoni kila juma: samaki anakula viluwiluwi vya mbu, lakini hawezi kuvifuata katikati ya majani. Kingo zilizofyekwa pia zinapunguza konokono wanaoleta kichocho.

Tufanye hesabu kwa kumaliza. Katika 400, tuseme 320 wanafika siku ya mavuno, na kila mmoja ana gramu 150. Hizo ni kilo 48. Piga bei ya soko lenu, toa garama, gawanya kwa idadi yenu, na muone kama inafikia minervali. Kama mungehama siku ya posho hii na nusu wakafa, zingebaki kilo 24, na swali la nani alitoa amri ya kuhama. Majuma mawili ya kungoja si marefu mbele ya hesabu hiyo.

Wamama wa kikundi kilichouliza, tuandikieni baada ya kuhama: mulihesabu wangapi, na maji yalichukua siku ngapi kuwa ya kijani. Tutaweka jibu lenu hapa, kusudi wengine wajifunze. Wenye njia nyingine iliyowafaulisha, nanyi msikae nayo peke yenu.

Kazi njema, na tuonane juma lijalo.